Msumeno wa waya au wa betri?

SWALI: Habari za kazi, mimi ni fundi mbao hapa Kariobangi, natengeneza vitanda na kabati, siku zingine naitwa saiti kufunga dari. Nataka kununua msumeno wa duara, nichukue wa waya ama wa betri? Stima huku inapotea ovyo.

JIBU: Salama fundi. Angalia kwanza unakata wapi zaidi. Kama kazi kubwa iko woksopu na unapasua mbao siku nzima chukua wa waya bila kufikiria sana, kwa sababu betri ya volti 18 ya ampea 5 inabeba umeme wa kutoa wati 90 tu kwa muda wa saa moja, msumeno ukivuta wati 1,200 mfululizo hiyo imeisha kabla dakika 5, na mahogani mbichi itaufanya uvute hivyo kweli. Wa betri utamu wake ni juu ya ngazi, dari, nyumba haijawekwa soketi, unakata vipande vichache unashuka. Lakini uliza bei ikiwa na betri mbili na chaja, maana mara nyingi unauziwa mwili mtupu halafu unashtukia betri ndio ghali!

Mimi ningeanza na wa waya wa bledi ya 185 mm. Ekstensheni ifungue yote kwenye roli, yangu niliiacha imejikunja ikayeyuka plastiki nikidhani ni harufu ya mbao. Na mitumba ya Marekani ya volti 110 usiichomeke kwa 240 yetu, itaungua.