Bibi hataki mzuka ndani ya nyumba

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tunaishi Marekani, na Oktoba hii nyumba imejaa. Mama mkwe kaja kukaa miezi mitatu, shemeji na mkewe wanaingia wiki ijayo, kila wikiendi majirani wanatuita, mara shambani kuchuma maboga, mara watoto wa mtaa wanapita na mavazi yao, mi hata kufua sipati nafasi. Sasa wanangu, wa miaka 4 na 9, wanataka kuvaa Halloween, ule usiku wa 31 Oktoba watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Mdogo anataka awe buibui, mkubwa awe mzuka. Mama mkwe alipoona ile shuka nyeupe imetobolewa macho akasema hawezi kulala nyumba moja na mashetani. Mume wangu kanyamaza. Nifanyeje?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na pilikapilika. Mama mkwe wako usimwone mkorofi, yeye kaona shuka nyeupe na kichwani kwake hiyo ni sanda. Anzia hapo, usianze kubishana dini. Mweleze taratibu kwamba jina Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya kanisa ya 1 Novemba, ila pia usimfiche kwamba zamani kule Ireland Waselti, watu wa kale wa huko, walikuwa na Samhain, sikukuu yao ya mwisho wa mavuno, na waliamini usiku ule wafu wanatembea, maana akija kulisikia kwa mtu mwingine ataona ulimdanganya. Watoto wako wanachotaka ni pipi na kuvaa, basi.

Huyo mkubwa ana miaka 9, anaelewa. Mwambie bibi kaogopa, achague kingine mwenyewe, rubani, mzimamoto, chochote. Na mi hiyo shuka siipendi hata kama bibi asingekuwepo, matobo ya macho yanahama akitembea, haoni gari linalotoka pembeni, halafu inaburuta chini na barazani kwa watu kuna maboga yenye mishumaa inayowaka. Uso mpake rangi tu, usimvishe kinyago.

Buibui ni rahisi sana. Chukua soksi ndefu nyeusi 4, zijaze vitambaa vya zamani, shona 2 kila ubavu wa sweta jeusi, halafu funga uzi kutoka mkono wa sweta hadi soksi ya juu, na kutoka hiyo hadi ya chini yake, ili akinyanyua mikono, hizo soksi nazo zote zinanyanyuka. Mikono yake, miguu yake na hizo soksi, nane zimetimia. Sweta liwe kubwa livaliwe JUU ya jaketi, maana usiku kuna baridi na mtoto ukimfunika buibui wake kwa koti atalia njia nzima. Mgongoni mbandike utepe unaong'aa ukimulikwa na taa za gari.

Bibi mwachie bakuli la pipi na swichi ya taa ya nje. Mtaani taa ya barazani ikiwaka maana yake karibuni, ikizimwa watoto wanapita, kwa hiyo akichoka anazima na hakuna wa kumgongea. Kama hataki kabisa, mwache apumzike chumbani, usimlazimishe.

Mialiko punguza, matembezi mamoja kwa wikiendi yanatosha, na hilo la shambani liwe kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, maana majimbo mengi siku hiyo saa zinarudishwa nyuma na giza linaingia mapema.

Ila mwanangu, kilichoniuma kwenye barua yako ni huyo mumeo aliyenyamaza. Mama ni wake, akae naye aongee naye yeye, usiwe wewe mkwe. Na afanye hivyo wiki hii kabla shemeji hawajafika, wakishajaa sebuleni hilo litageuka kikao cha ukoo na watoto watakuwa wanasikiliza.