Kuacha udaktari ufuate jenetiki ya bakteria

Mdau, umeuliza kama ukiacha udaktari katikati ukaingia kwenye utafiti wa jenetiki ya bakteria (yaani sifa zao zinavyorithiwa) utakuwa umejipoteza. Mwanasayansi Mmarekani Joshua Lederberg alifanya hivyohivyo, alikuwa anasoma udaktari Chuo Kikuu cha Columbia akaomba ruhusa aende Chuo Kikuu cha Yale kufanya kazi na mtafiti Edward Tatum, 1946 wakaonyesha kwamba bakteria wa E. coli wanabadilishana jeni, udaktari hakurudi kuumalizia na 1958 akapata Nobel akiwa na miaka 33 tu. Ila usijipime kwa huyo, wa hivyo ni mmoja mmoja sana.

Mimi ningekuambia umwangalie zaidi mkewe, Esther. Yeye ndo aligundua kirusi cha lambda kinachojificha ndani ya bakteria, halafu pamoja na mumewe wakaja na ile mbinu ya kugandamiza kitambaa cha velveti kwenye sahani ya makoloni (vikundi vya bakteria vilivyoota) na kukihamishia sahani nyingine yenye dawa, ikaonekana bakteria sugu walikuwepo hata kabla ya kukutana na dawa. Kitambaa tu aisee! Lakini Nobel hakupewa, kwa hiyo kabla hujakubali maabara yoyote ulizia majina yanapangwaje kwenye makala, na waulize wanafunzi wa huyo profesa, sio profesa mwenyewe.

Halafu jifunze kuprogramu mapema, siku hizi kusoma jenomu (DNA yote ya kiumbe) ni haraka, kuichambua ndo kazi. Na kama umebakiza mwaka mmoja tu wa digrii, maliza kwanza bana.