Kuhusu figo, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza jambo moja tu: "Mama, nikapimwe nikupe figo?" Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mkono mmoja umenyooshwa na sindano zake, mwingine umeshika simu. Nitakujibu, ila kwanza ujue kungoja figo ya marehemu kulivyo, maana naona unadhani nimekaa tu.

Sukari hainiachi nikae. Figo zilipokuwa nzima zilisaidia kuiondoa insulini mwilini. Sasa inakawia, na dozi ile ile ya zamani inaweza kunishusha hadi nitetemeke. Ikishuka, juisi ya machungwa siigusi kwa sababu ya potasiamu. Natafuna vidonge vya glukosi. Ikipanda, kiu inanikaba, na maji yangu ni ya kupimiwa. Navumilia ili simu ya hospitali ikilia nisikutwe na kidonda mguuni, wakaniruka.

Na simu ililia. Baba yako alikwambia tu "haikuwezekana". Ilikuwa usiku wa manane: figo imepatikana, usile, usinywe, njoo. Nikavalishwa gauni la upasuaji, wakachukua damu waipime na chembe za marehemu. Ng'ambo ya korido alikuwapo bwana mmoja, naye kaitwa, endapo mwili wangu ungeikataa. Tulitazamana, salamu ikatushinda. Kulipokucha daktari akaniambia kinga yangu ingeishambulia figo ile. Yule bwana akasukumwa na kitanda chake mbele yangu, kuelekea chumba cha upasuaji. Namwombea mpaka leo. Na mpaka leo inaniuma.

Nikauliza kinga hiyo nimeipata wapi. Akasema huweza kutokana na kuongezewa damu, au na mimba: mwili wa mama huweza kujifunza kukataa kile mtoto alichorithi kwa baba yake. Unaelewa, mwanangu? Pengine tumbo lililokubeba ndilo litakaloikataa figo yako. Nililia njia nzima, baba yako akidhani naililia ile niliyoikosa.

Pengine pia halitaikataa, vipimo ndivyo vitakavyosema. Lakini nimewaambia tangu mkiwa wadogo: mtoto si akiba ya mzazi. Bibi yako alikuwa na sukari, mimi ninayo, na wewe bado kijana; nani ajuaye mwili wako utakuwaje ukifika umri wangu, ukiwa na figo moja? Haya, najua pia figo ya mtu aliye hai kwa kawaida hudumu kuliko ya marehemu. Najua wale mapacha wa Boston, mwaka 1954, mmoja alimpa mwenzake figo, na huyo aliyetoa akaishi miaka mingi sana. Na angekuwa mama yangu kwenye kiti hiki, ningeshapimwa bila kumuuliza mtu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wake, wewe ni wangu, na mtoto si akiba.

Kapime sukari kwanza, kile kipimo cha kunywa glukosi kisha kungoja saa mbili. Kifanye kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. Majibu yakitoka niletee karatasi yenyewe, usinisomee kwenye simu. Kuhusu figo nina neno langu, linaniwasha ulimini, ila sitaliandika hapa. Nitalisema ukija, baba yako akiwepo, kwa sababu yeye ameshasema lake na halifanani na langu.

Mama yako