Siku 3 jijini London na watoto pamoja na bibi yao

Dada, umeuliza namna ya kupanga siku 3 jijini London ukiwa na watoto wa miaka 6 na 9, pamoja na bibi yao anayesumbuliwa na magoti. Nakusihi usiwakimbize. Siku ya kwanza nendeni Natural History Museum, jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile, ambako kiingilio ni bure na mifupa ya nyangumi wa buluu, yenye urefu wa takriban mita 25, imening'inizwa katika ukumbi mkuu kana kwamba anapiga mbizi kuwaelekea wanaoingia. Mwanangu alisimama chini yake akihesabu mbavu hadi shingo ikamuuma. Kwa ajili ya bibi, pandeni basi badala ya treni za chini ya ardhi, kwa kuwa vituo vingi vya zamani vina ngazi na havina lifti, ilhali basi namba 15 hupita karibu na Kanisa Kuu la St Paul's na kuwafikisha Tower of London, ngome ya kale mtakayoizuru siku ya pili, mkiwa mmeketi. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi nauli ya basi. Tiketi za Tower, ambazo ni ghali, zikateni mapema mtandaoni, na siku ya tatu iacheni wazi, bibi apate kupumzika.