Kabla hujaandika "iko hatarini": ushauri kwa wanaoanza kuhesabu okidi za misitu ya Pwani

Ukipelekwa Shimba Hills, Arabuko-Sokoke au kwenye kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) kukusanya takwimu za okidi, wanaokungoja Mombasa hawangoji picha za maua. Wanataka kujua mambo matatu: kuna mimea mingapi iliyokomaa, iko wapi, na ni tishio gani litakaloikumba. Usipokuwa na hayo, hata picha mia nne hazitaisogeza aina hiyo popote kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka. Okidi nyingi za Afrika Mashariki hazijatathminiwa kamwe, na kutotathminiwa si kuwa salama, ingawa wanaotaka kufyeka msitu hupenda kulisoma hivyo.

Anza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo karibu kila anayeanza huvichanganya. Familia nzima ya okidi, zaidi ya aina 25,000, imo katika viambatisho vya mkataba wa CITES: nyingi kabisa Kiambatisho cha Pili, chache Kiambatisho cha Kwanza. Mkataba huo unasimamia biashara ya kuvuka mipaka, basi. Okidi iliyojaa kwenye miembe ya watu imo, na ile iliyobakiwa na mashina kumi pia imo. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba mmea "uko hatarini kwa kuwa umo CITES". Hatari ya kutoweka hupimwa kwa vigezo vya IUCN, A mpaka E, na kila kigezo kina mipaka yake ya namba.

Mfano mzuri ni Ansellia africana, yenye mashina marefu kama miwa midogo na maua ya manjano yaliyojaa madoa ya kahawia. Imeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na bado Orodha Nyekundu imeiweka daraja la VU, la kwanza kati ya madaraja matatu ya hatari (juu yake ni EN, kisha CR, lililo karibu zaidi na kutoweka). Kigezo A hakiulizi mmea ni mchache kiasi gani. Kinauliza umepungua kwa kasi gani katika miaka 10 au vizazi 3, kipindi kirefu zaidi kati ya hivyo viwili. Pale ambapo tishio bado linaendelea, kupungua kwa 30% ni VU, 50% ni EN, 80% ni CR. Mmea unaong'olewa msituni ukauzwe unaweza kufika huko ukiwa bado unaonekana kila mahali.

Kwa aina zenye eneo dogo, ambazo ndizo nyingi kwenye vipande vya msitu wetu, kigezo B ndicho utakachokutana nacho zaidi. Kina vipimo viwili. Cha kwanza ni eneo la mtawanyiko: unachora poligoni inayozunguka nukta zote za mmea, hata ikipita juu ya mashamba na bahari. Chini ya kilomita za mraba 20,000 ni VU, chini ya 5,000 ni EN, chini ya 100 ni CR. Cha pili ni eneo linalokaliwa: unahesabu miraba ya kilomita 2 kwa 2 yenye mmea, kila mraba ukiwa kilomita za mraba 4. Mipaka yake ni 2,000, 500 na 10. Programu ya GeoCAT, ambayo ni ya bure kwenye intaneti, inakupa vyote viwili ukishaingiza nukta zako. Tahadhari moja kwa watu wa Pwani: okidi zetu nyingi zimejipanga kwenye ukanda mwembamba kando ya bahari, hivyo poligoni inaweza kutoka ndogo kuliko jumla ya miraba. Hilo likitokea, eneo la mtawanyiko huandikwa sawa na eneo linalokaliwa.

Eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima pia yatimie mawili kati ya matatu: mgawanyiko mkubwa au mahali pachache, kupungua kunakoendelea, na kupanda na kushuka kupita kiasi. Hapo kwenye "mahali pachache" ndipo ripoti nyingi huharibika. Mahali, kwa maana ya IUCN, si jina la msitu. Ni eneo ambalo tukio moja la tishio linaweza kuiathiri mimea yote iliyomo kwa muda mfupi. Kaya mbili zilizo ndani ya mpango mmoja wa machimbo ya mawe ni mahali pamoja. Msitu mmoja ambao nusu yake iko ndani ya uzio wa hifadhi na nusu iko kwenye njia ya wachoma mkaa ni mahali pawili. Mipaka ni mahali pamoja kwa CR, pasipozidi 5 kwa EN, pasipozidi 10 kwa VU. Aliyehesabu majina ya kaya kumi na moja akaandika mahali kumi na moja ameitoa aina yake nje ya VU bila kujua. Ndiyo maana fomu yako ya msituni lazima iwe na safu ya tishio, ijazwe pale pale. Visiki vibichi vina umri gani kwa macho? Tanuri la mkaa liko hatua ngapi kutoka kwenye mti? Kuna matundu ya kung'oa chini ya mti?

Vibali vishughulikiwe mapema kuliko unavyodhani: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha ruhusa ya KWS (shirika la wanyamapori) au KFS (shirika la misitu) kulingana na msitu. Kwa kaya, nenda kwanza kwa wazee wa kaya husika, na usiende mikono mitupu wala kwa haraka. Misitu ya kaya iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini barua yenye nembo haikufungulii njia. Mzee ndiye anayekufungulia. Kaya Kinondo utafungwa kaniki kabla ya kuingia, na hutoki na kitu, hata jani kavu. Panga kazi ya kaya kuwa ya macho na daftari tu. Sampuli utazitafuta kwingine. Picha nazo omba ruhusa, kwani kuna sehemu za ndani ambazo hazipigwi kabisa.

Shimba Hills kuna ndovu na nyati, kwa hiyo hutembei bila askari wa hifadhi. Toka mjini mapema. Feri ya Likoni ikikushika mpaka saa tatu, zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, kwani kuanzia saa nne jua hukupiga machoni kila unapoinua darubini. Darubini ya 8×42 inatosha. Beba pia kipimo cha mkanda, rula nyeupe, dira, GPS, penseli (kalamu ya wino hulia na jasho na mvua) na chupa ndogo ya kupulizia maji. Faida ya chupa hiyo utaiona sasa hivi.

Okidi za juu ya miti si vimelea. Hazinyonyi mti, zinaushika tu, na mizizi yao ina tabaka jeupe linalofyonza maji. Microcoelia hazina hata majani: unachokiona ni rundo la mizizi ya kijivu kwenye tawi, na macho mageni hulipita yakidhani ni uzi wa kiota. Pulizia maji. Mzizi ulio hai hugeuka kijani baada ya muda mfupi, kwa sababu tabaka likilowa huonyesha rangi iliyo chini yake. Uliokufa hubaki ulivyo. Jaribio hilo dogo litakuzuia kuhesabu maiti.

Kwa kila mti, andika aina yake (mbambakofi, mkwaju, mvule, mbuyu), mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, kisha ugawe mti kanda tano: kitako cha shina, shina lenyewe, na theluthi tatu za matawi, ya ndani, ya kati na ya nje. Kanda hizi hutumika sana kwenye tafiti za mimea ya juu ya miti, na takwimu zako zitalinganishika na za wengine. Andika pia mti usio na kitu. Miti mitupu ndiyo inayoonyesha okidi inachagua nini, na anayeruka miti mitupu huleta msitu wa kubuni.

Msihesabu pamoja. Watu wawili wazunguke mti mmoja kila mtu kivyake, kila mmoja akichora mchoro wa matawi na kuweka alama, ndipo mlinganishe. Mmoja akiona mashina 18, mwingine 15, na kati ya hayo 12 yakawa yale yale, makadirio ni 18 mara 15 gawanya kwa 12: kama 22. Kwa pamoja mmeona 21, kwa hiyo kuna kama shina moja au mawili ambayo hamkuyaona nyote wawili. Tofauti hiyo ikijumlishwa kwenye miti mia ndiyo inayoweza kuvusha aina upande huu au ule wa mpaka wa mimea 250 wa kigezo D (cha uchache wa mimea), ambao ni EN. Chini ya 50 ni CR.

Namba inayotakiwa ni ya mimea iliyokomaa, na kukomaa maana yake ni uwezo wa kuzaa. Mmea wenye ua, tunda, au kikonyo kikavu cha msimu uliopita umekomaa. Usio na dalili hizo, pima jani lake refu kuliko yote. Kwanza pima mimea 20 au 30 iliyochanua, tafuta mdogo kuliko wote kati yake, na huo ndio uwe mpaka wako wa chini. Tunda moja la okidi hutoa mbegu laini kama vumbi kwa maelfu mengi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula na haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Kwa hiyo usiseme "inazaa vizuri" kwa kuona matunda. Tafuta miche, uihesabu peke yake kwenye safu yake.

Vanilla roscheri itakutesa. Ni shina la kijani kama kamba, majani hayaonekani, linapanda vichaka vya pwani, linakatika, na kila kipande kinaweka mizizi. IUCN inahesabu kila kipande kinachozaa na kinachoweza kuishi peke yake kuwa mmea mmoja, hata kama vyote vimetoka kwenye mama mmoja. Fuata kamba kwa mkono mpaka ardhini. Panapo mzizi wake na dalili ya kuchanua, hesabu moja. Panapoungana, usihesabu mara mbili. Okidi zilizopandwa kwenye bustani za hoteli Nyali au Diani hazimo kabisa kwenye hesabu, na zilizorudishwa msituni kwa mkono hazihesabiwi mpaka zizae watoto walio hai.

Kosa la kutambua linalorudi kila msimu ni kati ya Angraecum eburneum na Acampe pachyglossa zisipokuwa na maua. Zote zina majani ya mkanda mgumu yaliyopangwa pande mbili, zote hushika miti na miamba ya matumbawe. Zikichanua hakuna ubishi: Angraecum ina maua makubwa, mdomo mweupe ukiwa juu na mrija wa asali nyuma, Acampe ina vijiua vinene vya manjano vyenye mistari myekundu, vimebanana. Bila ua, tafuta matunda ya Acampe, yaliyosimama wima kama vidole. Ukikosa vyote, andika "haikutambuliwa", piga picha ya ncha ya jani karibu na rula, na urudi baada ya mvua. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye orodha, kulitoa ni kazi.

Sampuli chukua pale tu kibali kinaporuhusu na mmea ni mwingi. Kikonyo kimoja cha maua na jani moja vinatosha, mizizi iache kwenye mti. Majani manene ya okidi hayafi ndani ya magazeti ya kukaushia. Hukaa hai majuma, kisha huoza au huachana na shina. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache kwanza, na mashina yaliyovimba yapasue kwa urefu. Kwa unyevunyevu wa Mombasa badilisha magazeti kila siku, la sivyo ukungu utakutangulia. Ua moja liweke kwenye kichupa chenye spiriti ya 70%, maana ua likibanwa hupoteza umbo ambalo mtaalamu wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Nairobi anahitaji kulichambua. Namba ya sampuli, ya kichupa na ya picha iwe moja.

Lebo za sampuli za kale nazo zisome kwa shaka. Iliyoandikwa "Mombasa" tu na mkusanyaji wa karne ya 19 inaweza kuwa ni Rabai, Ribe au bara zaidi. Ukiweka nukta katikati ya kisiwa, utakuwa umechora mtawanyiko usiokuwapo, kisha utaripoti "kupungua" kwa mmea ambao haujawahi kumea hapo.

Nukta za GPS zisitoke nje. Desimali nne ni kama mita 11, na mwenye gunia atazifuata vilevile unavyozifuata wewe. Kwenye ripoti ya umma bakisha desimali moja, kama kilomita 11; kwenye iNaturalist (programu ya kurekodi viumbe ulivyoviona) chagua kuficha mahali, nayo programu itasambaza nukta ndani ya mraba wa nyuzi 0.2. Zima GPS ya simu kabla ya kupiga picha utakazowatumia wengine, kwa sababu faili la picha linaweza kubeba nukta zake.

Mwisho, miti ya kurudiwa. Tathmini ikipita miaka 10 huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati, na atakayekuja baada yako anahitaji kuupata mti ule ule. Msituni tumia kibati cha alumini chenye namba na msumari wa alumini, ukiacha sentimita 2 au 3 nje ili mti ukinenepa usikimeze. Tia pia hali ya mti wenyewe: ile mibuyu iliyong'olewa Kilifi mwaka 2022 ili isafirishwe nchini Georgia inakukumbusha kwamba mti unaobeba okidi nao una wateja. Kwenye kaya usipigilie chochote. Andika umbali na uelekeo wa dira kutoka njia ambayo mzee amekuonyesha, na nakala moja umwachie yeye.