Baba Mdogo Hakuwemo Kwenye Karatasi

Swali lililoniangusha bado nalikumbuka. Ulikuwa usaili wa mchujo wa nafasi ya ofisa mikopo, Dar es Salaam, tumejaa ukumbini tunajipepea kwa barua za wito. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ila kwa Kiswahili swali lilisema hivi: Madaktari wote wana shahada. Baadhi ya wenye shahada wanavuta sigara. Kwa hiyo baadhi ya madaktari wanavuta sigara. Je, hitimisho linafuata?

Nikajaza "linafuata" bila hata kupepesa macho. Baba yangu mdogo ni daktari, na sigara anavuta. Ushahidi gani tena nitafute?

Sasa, swali halikuuliza kama duniani kuna madaktari wanaovuta sigara. Liliuliza kama zile kauli mbili, peke yake, zinakubana mpaka ukose pa kutokea. Hazikubani. Wenye shahada wanaovuta wanaweza wote kuwa wahandisi na wanasheria, asiwemo daktari hata mmoja, na kauli zote mbili zikabaki kweli. Baba mdogo hakuwemo kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyemwingiza.

Baadaye nilifarijika kujua kwamba ugonjwa huu ni wa wengi. Mwaka 1983 watafiti wa saikolojia wa Uingereza, Evans, Barston na Pollard, walichapisha matokeo ya majaribio ya aina hii. Hitimisho lisilofuata, lakini linaloaminika, lilikubaliwa kwa 71%. Hitimisho linalofuata sawasawa, lakini lenye sura ya uongo, likaambulia 56%. Masikio yetu yanapenda lile ambalo yameshalizoea.

Ndiyo maana mpwa wangu alipoanza kujiandaa na usaili wake, sikumpa maswali ya maana. Nilimpa upuuzi. Samaki wote hupanda miti. Changu ni samaki. Kwa hiyo changu hupanda miti.

"Mjomba, changu gani huyo?" akaniuliza, amekunja uso.

Huyo huyo wa soko la samaki la Feri. Hitimisho linafuata, na kama umekataa kulijaza kwa sababu umewahi kula changu, alama imekwenda. Fanya upuuzi wa namna hiyo kwa siku kadhaa mpaka kichwa kiache kubishana na kauli ulizopewa.

Tulipomaliza vichekesho tukaingia jikoni. Leonhard Euler, katika barua zake kwa binti mfalme wa Kijerumani zilizoanza kuchapishwa mwaka 1768, alieleza mambo haya kwa miduara. Mimi nilitumia sinia na bakuli. Sinia ni wenye shahada. Bakuli la kwanza ni madaktari, na kwa kuwa wote wana shahada, linakaa lote ndani ya sinia. Bakuli la pili ni wavutaji: lazima sehemu yake iingie kwenye sinia. Haya, jaribu kulipanga lisiguse bakuli la madaktari. Linapangika? Basi hitimisho limekufa. Usitafute mpangilio unaolikubali, maana huo utaupata karibu kila mara. Tafuta mmoja tu unaolivunja, na ukishindwa kabisa kuupata ndipo ujaze "linafuata". Kwenye chumba cha mtihani huna sinia, lakini penseli unayo.

Kuna maneno madogo ambayo lugha yetu ya kila siku imeyazoesha vibaya. Nikikwambia "baadhi ya wapangaji wamelipa kodi", unaelewa kwamba wapo ambao hawajalipa. Kwenye mtihani, "baadhi" ni angalau mmoja, na hata wote wakiwa wamelipa kauli bado ni kweli. Na "wanafunzi wote hawakufaulu" ni mtego wetu wenyewe: mmoja ataelewa hakufaulu hata mtu, mwingine kwamba si wote waliofaulu. Ukiwa unatafsiri kimoyomoyo "not all" ya Kiingereza, shika "si wote". Na hiyo nayo inakupa kitu kimoja tu, kwamba yupo angalau mmoja aliyefeli. Haikuhakikishii kama yupo aliyefaulu.

"Walio wengi" ndio wanaonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo hisia hukosea kwa upande wa pili. Wapangaji walio wengi ni mama lishe. Wapangaji walio wengi wana pikipiki. Je, yupo mama lishe mwenye pikipiki? Mpwa wangu alijibu haijulikani. Hesabu: wapangaji wakiwa 10, walio wengi ni angalau 6. Sita na sita ni 12, na watu ni 10, kwa hiyo angalau wawili wamehesabiwa mara mbili. Linafuata. Lakini ukibadilisha neno moja, ukaweka "baadhi" na "baadhi", linakufa papo hapo.

Masharti, yaani kauli za "hili likitokea, lile hutokea", nayapitia haraka. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa. Ukikuta imefungwa, usiseme mvua imenyesha. Huenda kuna msafara au matengenezo. Ukikuta iko wazi, hapo unaweza kusema mvua kubwa haijanyesha.

Halafu soma maelekezo ya kila sehemu, hata kama dakika zinakimbia. Mtihani wa Watson-Glaser, wa kupima kufikiri kwa kina, unaotumiwa na waajiri wengi hasa wa kazi za sheria, una sehemu tano, na sheria hazifanani. Kwenye ile ya kutoa hitimisho kutoka kauli ulizopewa, ujuzi wako wa dunia uache mlangoni. Kwenye nyingine unapewa habari fupi na majibu matano, kuanzia "kweli" hadi "uongo", katikati kuna "taarifa hazitoshi", na pale unaruhusiwa kutumia yale yanayojulikana na kila mtu. Ukiingia na sheria moja kichwani kwa mtihani mzima, utajikwaa pale pale ulipojiona hodari.

Neno la mwisho ni "tu". Wenye leseni tu ndio wanaoruhusiwa kuendesha: kila anayeruhusiwa ana leseni, lakini haikuhakikishii kwamba kila mwenye leseni ameruhusiwa. Niliufahamu mtego huu nikiwa nyumbani, wiki kadhaa baada ya usaili ule, nilipolisoma tena lile tangazo la kazi. Chini kabisa waliandika: "Waombaji watakaofaulu tu ndio watakaopigiwa simu." Nikalichora. Anayepigiwa amefaulu, sawa. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba kila aliyefaulu atapigiwa. Kwa hiyo kutopigiwa simu hakuthibitishi kwamba nimefeli. Kimantiki nilikuwa bado nimo, na nilibaki nimo kwa miezi minne, simu nikilala nayo chini ya mto.