Kiwanja kijijini Lombok kwa jina la mke

Ndugu, umeuliza kama mkeo, raia wa Indonesia, anaweza kununua kiwanja kijijini kwao kisiwani Lombok ilhali wewe una pasi ya Tanzania. Anaweza, ila kwanza nendeni kwa notaris (mthibitishaji wa mikataba) mkasaini mkataba wa kutenganisha mali. Bila huo, kiwanja kinahesabika mali yenu wote, na sheria ya ardhi ya 1960 inamtaka mgeni aliyepata Hak Milik (umiliki kamili wa ardhi) kwa njia hiyo aiachie ndani ya mwaka 1. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016, mkataba huo unasainiwa hata baada ya ndoa.

Wapo watakaokushauri uandikishe kwa jina la jirani. Kataa. Mpango huo ni batili kisheria, ardhi inaangukia serikalini na hela yako haidaiki.

Kijijini mtaoneshwa girik, karatasi ya zamani ya kodi. Hiyo si hati miliki, hata iwe na mihuri mingapi. Kama cheti cha umiliki kipo, PPAT (ofisa anayeandaa hati za mauzo ya ardhi) akikague BPN, idara ya ardhi ya taifa, kabla hamjatoa hata malipo ya awali. Kwa ardhi ya urithi, warithi wote wasaini, pamoja na yule aliyeko Malaysia kwenye vibarua. Huyo ndiye hurudi na kesi. Kama ni jaruba la mpunga, ulizeni mapema kama ujenzi unaruhusiwa.

Mkijenga, msifanye ubahili wa nondo kwenye nguzo na lenta: matetemeko ya 2018 yaliangusha nyumba nyingi za tofali huko.